Bei ya Kumwosha Safwan

Nimeosha maiti za wanawake wa mtaa wa Shika Adabu kwa miaka ishirini na mbili, na kabla ya hapo nilikuwa nikiwafulia nguo, kwa hivyo hakuna mwenye siri kwangu. Wapo wanaonisalimia kwa adabu ya kupita kiasi tukikutana dukani, mpaka naona haya mimi. Najua wanachowaza. Wanajua iko siku nitawaona wote na wao hawataniona, basi wananitengenezea njia mapema, wananinunulia soda. Nami nakunywa. Siri zao sizitoi. Ni amana, na isitoshe hazina ladha. Mtu akishalala juu ya ubao ule ni yule yule tu, awe alikuwa na nyumba ya ghorofa au aliuza mihogo ya kuchoma.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi vijana wanadhani maiti hujiosha. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake, mwanamume huoshwa na wanaume. Mume na mke wanaruhusiwa kuoshana, ingawa wengi nikiwatazama naona heri wasiruhusiwe. Na mtoto mdogo, ambaye hajafika umri wa kuona haya, anaweza kuoshwa na yeyote, mwanamke au mwanamume. Hilo la mtoto mdogo ndilo lililoleta maneno.

Zamani kazi hii haikuwa na malipo. Ulipewa mche wa sabuni, leso moja na dua, ukaenda zako. Kisha mtaa ukaunda chama cha maziko. Kila nyumba hutoa shilingi mia kwa mwezi, na chama hununua sanda, hulipa gari la kubebea jeneza, na huwapa waoshaji kitu kidogo kwa kila maiti. Hicho kitu kidogo wamekiita shukrani. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kitu kinachokuja kila ukifanya kazi, na kisichokuja usipofanya, mwalimu wetu alitufundisha jina lake.

Upande wa wanawake tulikuwa wawili, mimi na Jalila. Upande wa wanaume walikuwa Abubakar na Sufyan. Abubakar aliwahi kuwa mume wangu kwa miaka kumi na mmoja. Tulizaa binti, Mahfoudha, ambaye sasa ameolewa Malindi, na tukaachana kwa mambo ambayo yamechakaa na hayafai kuvaliwa tena. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na mke wake wa sasa, anayeuza viazi karai vya kukaanga. Hatugombani. Watu wanaopokezana zamu katika chumba kimoja, tena chumba chenyewe ni kile cha kuoshea maiti nyuma ya msikiti, hawapati hamu ya kugombana.

Jalila ana miaka thelathini na mmoja. Mumewe alikwenda Lungalunga kwa siku mbili, na huu ni mwaka wa tano. Alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu wa Timbwani, na ana binti wa darasa la nne, Israa, mwenye maswali mengi kuliko hakimu. Nilimchukua Jalila kwa sababu ya mikono yake. Haina haraka. Anamgeuza maiti kama mtu anayemgeuza mgonjwa aliyelala, akihofia kumwamsha. Nilimfundisha kila kitu: kufunika kuanzia kitovuni hadi magotini, kulibonyeza tumbo polepole, maji ya majani ya mkunazi kwanza, maji matupu, kisha maji ya karafuu maiti. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa jambo moja, na hilo nalo alikuja kulijua Jumatatu moja bila msaada wangu.

Jumatatu hiyo tulikuwa na maiti wawili. Mmoja mzee wa Timbwani, ambaye Abubakar na Sufyan walimwosha kwanza. Wa pili ni Safwan, mtoto wa miaka mitatu. Jumamosi alishikwa na homa, Jumapili akapelekwa hospitali, Jumatatu akaletwa kwetu. Chama hutuita sisi wanawake kwa watoto wadogo, wa kike na wa kiume. Hakuna aliyepitisha uamuzi huo. Ilikuwa hivyo tu, kama vile hakuna aliyepitisha kwamba wanawake ndio wachambue mchele.

Mama yake alikaa nje kizingitini. Katikati ya kazi akauliza kupitia mlangoni kama maji ni ya moto. Nikamjibu ni ya uvuguvugu. Na yalikuwa ya uvuguvugu, mtoto siku zote nampashia. Jalila alimwosha masikio, na nyuma ya masikio, ambako watoto huwa hawataki kushikwa. Tukamfunga sanda, tukawaita wanaume, wakamchukua. Mimi nikaanza kufikiria kwamba nyumbani sina nyanya za mchuzi. Usinihukumu. Ukifanya kazi hii kwa miaka mingi, kichwa hujitafutia pa kukaa.

Watu walipotoka kuzika, tulikaa wanne nyuma ya msikiti tukisuuza ndoo. Simu zikalia, moja baada ya nyingine. Ishaka, mtunza fedha wa chama, ni mtu mwepesi. Udongo haujakauka na yeye ameshatuma. Abubakar miwani yake ilikuwa imevunjika kioo kimoja, akampa Jalila simu amsomee. Jalila akasoma kwa sauti kwamba amepokea shilingi elfu mbili kutoka kwa Ishaka. Kisha akafungua yake, akakuta elfu moja, kama kawaida. Akamwambia Abubakar asisahau kugawana na Sufyan.

Abubakar akasema Sufyan ana yake, elfu mbili vilevile. Akasema bila ubaya wowote, huku akikamua kitambaa, kwamba siku zote imekuwa hivyo. Abubakar hana ubaya. Angekuwa nao kidogo, huenda ningemkumbuka zaidi.

Tuliondoka pamoja, tukapita kwa wauza maji, tukapita kwenye mashine ya kusaga, na mpaka tulipofika njia ya kwangu ndipo aliposimama.

"Bi Salha, ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaja."

Nilitaka kuongeza neno la kuchekesha. Mimi kwa kawaida sikosi. Nilitafuta nikakosa.

Nilijua mwaka wa tatu wa chama, Ishaka aliponipa daftari nitie sahihi na jicho langu likateleza mstari wa juu, wenye malipo ya Abubakar. Siku ile nilikasirika mpaka nikaunguza maharagwe. Siku ya pili nilikasirika kidogo. Kisha akafa mwanamke mmoja mnene wa Mtongwe, ikabidi niende, nikaenda, na hasira ikabaki nyumbani. Niliporudi sikuikuta. Hiyo ndiyo hadithi yote. Nilipomchukua Jalila, sikuona sababu ya kumpa kitu ambacho mimi mwenyewe kilikuwa kimenipotea.

Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Alisema, mtoto yule angeoshwa na Abubakar na Sufyan, chama kingetoa elfu mbili kwa kila mmoja. Ameoshwa na sisi, kimetoa elfu moja kwa kila mtu. Mtoto ni huyo huyo, maji ni hayo hayo, na ubao ni ule ule. Akaniuliza kilicholipiwa ni nini basi. Nikafikiri kwamba Safwan alikuwa mwanamume, lakini ameondoka duniani kwa bei ya wanawake. Hilo lilikuwa la kuchekesha, ila nililimeza.

Ndipo akanieleza lile lingine. Kuna wakala mjini aliyemtafutia kazi ya nyumbani Jeddah. Pasipoti ilikuwa tayari, na wakala alitaka jibu mwisho wa wiki ile. Hakutaka kwenda. Israa ingebidi akae Msambweni kwa nyanya yake, ambaye haoni vizuri. Lakini kufua kulikuwa hakumtoshi, na kuosha ndiko huku. Mwezi uliopita tuliitwa mara tisa. Kwa elfu mbili mbili, alisema, angekaa. Alisema mara moja tu, bila kulia wala kubembeleza, kama mtu anayetaja bei ya kufua shuka.

Nikamwambia asimjibu wakala mpaka nizungumze na wazee.

Kamati ya chama hukutana Jumapili baada ya alasiri, katika chumba cha pembeni mwa madrasa. Wanawake hatumo. Nikawekewa kiti nje ya mlango, pazia likashushwa nusu, ili nionekane miguu na nisikike sauti. Walikuwa watano. Mwenyekiti ni Bwana Aidarus, mwenye duka la vitambaa, mtu wa ukoo wa zamani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kukohoa mbele yake. Sanda zetu hutoka dukani kwake. Ni mtu mwema. Mama yake nilimwosha mimi.

Aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za Mahfoudha, akaniuliza habari za magoti yangu, kisha akanipa nafasi.

Nilianza na sanda. Nikasema mwanamume hufungwa vipande vitatu, mwanamke vitano. Nywele za mwanamume kunyoa alishanyoa mwenyewe, au zilishamkimbia. Za mwanamke huchanwa na kusukwa mikia mitatu, na kuna wanawake wa mtaa huu wenye nywele ambazo hata wakiwa hai zilikuwa hazichaniki. Nikasema yule mzee wa Timbwani alitoka chumbani kwa dakika arubaini, maana niliangalia saa. Mimi nikiwa na mwanamke mwenye mwili na nywele, hutoka baada ya saa moja na nusu nikiwa nimelowa kuliko yeye. Wakacheka.

Bwana Aidarus akasema hapana anayekataa kwamba tunafanya kazi. Lakini mwanamume, alisema, ndiye aliyebebeshwa masurufu ya nyumba, kula na kuvaa na kodi, na mwanamke hata akiwa tajiri hana lazima hiyo. Kwa hivyo chama kilitazama majukumu, hakikutazama jasho.

Nikamjibu kwamba jukumu la Abubakar kwangu lilikwisha Mahfoudha akiwa hajaota meno ya pili. Na sasa anayemlisha Abubakar ni viazi karai. Nikasema kama chama kinamlipa mlishaji, basi elfu mbili zipelekwe kwenye karai. Na Jalila halishwi na mtu, ila bado hatujamwona mumewe, huenda yuko njiani na magunia ya chakula.

Hapo walicheka hasa. Ishaka alicheka mpaka akakohoa. Mmoja alirudia lile la karai ili alicheke tena. Na mimi, nikiwa nje ya pazia nikisikia kicheko kile, niliona kosa langu. Mtaa mzima umezoea kwamba Bi Salha ni wa kuchekesha. Nilikuwa nimesema mambo mawili ya kweli, na yote mawili yalikuwa yamekwisha kama viburudisho. Chai ililetwa wakati huo, vikombe vikapita, na kimoja kikatolewa kwangu chini ya pazia.

Basi nikaweka kikombe chini nikasema la tatu bila mzaha. Nikawauliza juu ya Safwan. Nikasema: angeoshwa na Abubakar ingekuwa elfu mbili, tumemwosha sisi imekuwa elfu moja, na mtoto ni mmoja. Nikasema naomba tu nielezwe.

Hawakucheka. Kijiko kiliacha kukoroga. Nilisikia wakinong'ona, kisha Ishaka akasoma kitu katika daftari, kisha wakanong'ona tena. Nikaona labda. Sitaki kusema nilitumaini, maana ni neno kubwa, lakini nilijikuta nimekaa wima.

"Bi Salha," Bwana Aidarus akasema, "umesema kweli. Mtoto mmoja hawezi kuwa na bei mbili. Hili lilikuwa kosa letu, na tunakushukuru kwa kutufungua macho."

Nikaokota kikombe changu sakafuni.

"Basi kuanzia leo watoto wadogo wataoshwa na wanaume. Hapatakuwa tena na kitu cha kulinganisha. Na nyinyi akina mama tumewapunguzia mzigo."

Kuhusu wakubwa, akasema, wataliangalia mwaka ujao, inshallah, mfuko ukiwa na nguvu. Kisha akaniombea dua ndefu, nzuri, ya afya na magoti.

Nilisema ahsante. Sikupanga kusema. Kinywa kina mazoea yake.

Jalila nilimkuta akipiga pasi ya makaa shati la mtu. Nikamweleza yote, na la karai pia, kwa sababu nilijua atalisikia kwa wengine. Hakutabasamu. Aliniomba nirudie uamuzi ule, nikarudia. Akataka kujua kama kweli wamechukua hata ile kazi ya watoto. Nikasema kweli. Mwezi ule uliopita watoto walikuwa watatu katika wale tisa. Alimaliza ukosi, akamaliza mikono, akalitundika shati, akachukua jingine.

"Ungesema mwanzo," akaniambia, "nisingekaa miaka minne."

Nikampulizia makaa ya pasi.

Jumatano ya wiki ya pili aliondoka. Israa alikuwa ameshapelekwa Msambweni tangu Jumapili, na aliwauliza watu wote mpaka dereva kwa nini mama yake asiende yeye Msambweni na nyanya aende Jeddah. Nilimsindikiza Jalila mpaka kivukoni. Hatukuzungumza la maana. Aliniambia ile dawa yangu ya magoti ninunue ya kopo kubwa, kwamba hutoka nafuu. Akaniachia aproni yake ya plastiki, nikaikunja. Alipokwishaingia kwenye feri, nikanunua nyanya za mchuzi nikarudi nyumbani.

Baada ya hapo niliosha wanawake wawili watatu kwa msaada wa jamaa zao. Binti wa marehemu anamwaga maji, shangazi anashika kichwa, wote wanalia ndani ya ndoo. Nilitafuta mwenzangu wa kudumu. Kila niliyemwuliza aliniuliza analipwa nini. Nikimwambia, alikumbuka kwamba anaogopa maiti.

Wiki ya sita tangu Jalila aondoke, saa nne asubuhi, nikichambua choroko, Abubakar akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mkononi alikuwa na glavu mpya, bado zimo ndani ya karatasi.

"Mama Mahfoudha."

"Abee."

"Nimeitwa. Kuna mtoto kutoka Mtongwe."

"Nimesikia."

"Ana siku kumi na mbili." Akazigeuza zile glavu. "Siwezi, wallahi. Wale wawili niliowaosha kabla walikuwa wa miaka minne, mitano, nilifumba jicho nikaweza. Huyu siwezi."

Nikamwuliza Sufyan yuko wapi. Akasema Sufyan amezima simu.

Abubakar hakukaa, wala sikumwambia akae. Kabla ya Mahfoudha tulizaa mtoto wa kiume, akaishi siku tisa. Wakati huo hapakuwa na chama. Abubakar alikwenda Mtongwe kwa rafiki yake akakaa siku mbili, na mtoto nikamwosha mimi na shangazi yangu. Aliporudi alileta samaki. Hatujawahi kulitaja jambo hilo, na jikoni siku hiyo vilevile hatukulitaja, lakini lilisimama pale mlangoni pamoja naye.

Alikuwa amekuja na mpango. Mimi niingie nioshe. Yeye akae nje ya pazia anipitishie maji, ili kama mtu akipita aone mwanamume yuko kazini. Jina litaandikwa lake, kama kamati ilivyoamua. Malipo tutagawana nusu kwa nusu.

Sasa, mimi si mjinga. Nilijua la kufanya. La kufanya lilikuwa ni kuendelea na choroko zangu. Kamati imesema wanaume waoshe watoto, basi waoshe. Wangekaa na yule mtoto mpaka adhuhuri, mpaka alasiri, Bwana Aidarus angeitwa dukani, ingejulikana. Labda hapo ndipo wangekuja kuniuliza bei, na labda Jalila angesikia huko aliko. Nililiona lote hilo limepangika vizuri. Nikachambua choroko mbili, tatu.

Kisha nikauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, na mara tu nilipouliza nikajua nitakwenda.

Alikuwa wa kike. Shaza. Jina alikuwa ameitwa siku tano tu. Nyanya yake, Bi Kahaso, ndiye aliyemleta, amemfunga katika leso mpya ambayo bado ina gundi ya dukani. Alimkabidhi Abubakar, kwa kuwa aliambiwa wanaoosha ni wanaume. Abubakar akampokea huku akitazama dari, akanipa mimi nyuma ya pazia.

Mtoto wa siku kumi na mbili hahitaji ubao. Anakaa juu ya mkono wako, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Maji yanatosha magi matatu. Nilikuwa nimepasha. Abubakar alipitisha kila magi bila kutazama, kwa hivyo nusu ya maji niliyapata mimi miguuni. Kila magi aliuliza kama nimemaliza. Nikasema bado. Nyuma ya masikio nikaosha, kama alivyokuwa akifanya Jalila. Nilingoja nione kama nitahisi kitu. Nilihisi kwamba sakafu inateleza na kwamba chama kinunue mpira wa kukanyagia.

Nikamfunga, nikampitisha nje, Abubakar akatoka naye mbele ya watu.

Bwana Aidarus alikuwa amefika kwa sala. Nilimsikia, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nikikamua nguo, akimshika Abubakar mkono na kumwambia Mungu amlipe, mtoto ametengenezwa vizuri mno, unaona kabisa ni kazi ya mtu mwenye huruma. Abubakar akaitikia amin. Ningekuwa yeye ningesema nini kingine?

Baada ya mazishi Ishaka akatuma, mwepesi kama kawaida yake. Abubakar naye hakuchelewa kunitumia nusu yangu. Lakini nilipofungua simu yangu niliona shilingi mia tisa themanini na saba. Nikaisoma mara mbili, kisha nikaenda nyumba ya tatu nikamwuliza.

Akanieleza kwa upole. Kutuma elfu moja kwa simu ni shilingi kumi na tatu.

"Nimeitoa kwenye yako," akasema, "maana yako ndiyo iliyotumwa. Yangu haikwenda popote."

Niliitafuta kasoro katika maneno hayo, nikasimama pale kwa muda mkewe akikaanga. Akanipa viazi viwili kwenye karatasi. Nikala nikirudi.

Jalila alinipigia Ijumaa, siku yake ya kupewa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anaongea kabatini, na huenda alikuwa kabatini kweli. Aliuliza juu ya Israa, nikamwambia nilikwenda Msambweni, mtoto ananenepa na anawasumbua walimu. Akauliza kama watoto wanaoshwa na Abubakar kweli. Nikamweleza mambo ya Shaza, ya pazia, na ya magi. Akauliza nilipata ngapi. Nikamwambia.

Akapiga hesabu.

"Kwa hivyo wamekupunguza, Bi Salha."

"Kumi na tatu tu."

Nilidhani atacheka. Nilikuwa nimelisema vile ili acheke. Nikasikia mtu akimwita kwa Kiarabu, akasema anaitwa, simu ikakatika.

Sijaiweka chini vizuri ikalia tena, na safari hii alikuwa Ishaka. Amefariki mwanamke Timbwani, mtu mzima, mwenye mwili, na jamaa zake wako mbali, kwa hivyo hatapatikana wa kunisaidia kumgeuza. Akaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikamwambia nitajaribu. Nikachukua aproni, nikafunga mlango. Ni mwanamke mzima, nikawaza njiani, basi hii itakuwa elfu moja kamili.